Usihesabu Chupa Kabla ya Kushika Usukani

Bila shaka umesikia mtu akisema, "Nimekunywa chupa mbili tu. Ninajijua. Ninaweza kuendesha." Pengine hasemi uongo, anaamini hesabu yake. Lakini je, hesabu hiyo inafaa kuaminiwa? Katika njia ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, kosa dogo la shoferi linatosha kuangusha motokari na watu wote bondeni. Basi tuitazame hesabu hiyo vizuri.

1. Pombe inakwenda wapi mwilini?

Nguvu ya ulevi iliyo ndani ya pombe inaitwa alkooli. Inatoka tumboni na matumboni, inaingia katika damu, na damu inaipeleka kwenye ubongo. Ndipo macho yanachelewa kuona hatari, na mkono na mguu vinachelewa kutii. Ini ndilo linaloondoa sehemu kubwa ya alkooli, nalo linafanya kazi polepole. Kahawa haiwezi kuliharakisha, wala maji baridi. Mlevi akinywa kahawa anakuwa mlevi asiye na usingizi.

2. Waganga wanahesabu namna gani?

Mwaka 1932, Erik Widmark wa Uswidi alichapisha kitabu juu ya jambo hili. Unachukua gramu za alkooli, unazigawanya kwa kilo za mwili, kisha kwa namba nyingine: 0.68 kwa mwanamume, 0.55 kwa mwanamke. Halafu unapunguza alkooli ambayo ini limekwisha kuiondoa.

Tuchukue mfano. Motari mwenye kilo 60 anaanza kunywa saa 2 usiku. Anamaliza chupa mbili kubwa za bia, kila moja ya sentilita 72, yenye alkooli 5 kwa mia. Hizo ni karibu gramu 57 za alkooli. Zikigawanyika katika mwili wake, zinaleta karibu gramu 1.4 katika kila lita ya damu. Kama ini lake linaondoa gramu 0.15 kila saa, damu yake itakuwa safi baada ya saa 9 na zaidi kidogo, yaani baada ya saa 11 alfajiri.

Lakini ini la mtu mwingine linaondoa gramu 0.10 tu kila saa. Huyu hatakuwa safi mpaka karibu saa 4 asubuhi! Saa 12, anapopakia mteja wa kwanza, bado ana karibu gramu 0.4. Nalo Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hatari inaanza hata chini ya kadiri hiyo, na kuanzia gramu 0.4 inaongezeka sana. Chupa ni zilezile, uzito ni uleule, lakini majibu yanatofautiana kwa saa karibu 5. Wewe ni yupi kati ya hawa wawili? Huwezi kujua kwa kujitazama.

3. Mambo mengine yanayoharibu hesabu

Kwanza, nguvu ya kinywaji. Chupa ya bia ina maandishi, lakini kibuyu cha kasiksi hakina. Kasiksi ya leo si sawa na ya kesho, maana inaendelea kuchacha. Lutuku na kanyanga ni kali kupita bia.

Pili, mwili. Namba 0.68 na 0.55 ni za katikati tu. Mtu mwenye mafuta mengi na mtu mwenye nyama ngumu hawalingani, ingawa kilo zao ni sawa.

Tatu, chakula na wakati. Aliyekula vizuri, alkooli inaingia katika damu yake polepole. Aliye na njaa, inaingia upesi. Tena, baada ya glasi ya mwisho alkooli inaweza kuendelea kupanda. Hata chombo cha kupimia pumzi kinaonyesha hali ya dakika ile tu. Hakiwezi kukuahidi nusu saa ijayo.

Nne, ubongo wenyewe. Ubongo unaotaka uhesabu chupa ndio uleule uliokwisha kuguswa na pombe. Mlevi anayejiona mzima ni kama mizani iliyoharibika: inatoa jibu, lakini jibu si kweli.

4. Basi ufanye nini?

Hesabu hii inafaa kutufundisha kwamba alkooli inakaa mwilini muda mrefu. Haifai kutupa ruhusa ya kuendesha. Kwa hiyo:

Ukiwa na safari, usinywe hata kidogo. Hiyo ndiyo hesabu pekee isiyokosea.

Ukiwa umekunywa, mpe ufunguo mtu asiyekunywa, au ulale palepale.

Ukiwa umekunywa sana usiku, usiendeshe asubuhi. Usingizi haukuharakisha ini.

Ukiwa abiria, na motari amekunywa, shuka. Usione haya. Afadhali kufika umechelewa kuliko kuletwa hospitalini juu ya machela.

Wewe mwenye nyumba, mgeni wako akishika ufunguo baada ya kunywa, usimwulize kama anaweza kuendesha. Jibu lake halitakusaidia. Mtandikie mkeka.