Mchezo wa maandishi: usipande mahindi peke yake



Siku nilimwambia baba kama niko natengeneza mchezo wa kuchezea kwenye telefone, aliniangalia kwanza, kisha akauliza: "Njo juu ya hiyo niliuzisha ng'ombe?" Niko na lisansi ya kilimo, kazi bado. Lakini ule mchezo ulinifundisha kitu kimoja nilipashwa kujua tangu darasani.

Mchezo wa maandishi hauna picha. Unasoma: "Uko kando ya mto. Kaskazini kuna shamba." Unaandika "enda kaskazini", programu inakujibu. Wenzako wako mu dunia ile ile, saa ile ile: munaweza kuuziana, kusaidiana ao kuibiana. Haikuanza jana. Mu 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Kwetu sisi faida ni kubwa: ukurasa mzima wa maandishi ni mwepesi kuliko picha moja, mega hazikwishi mbio.

Sisi tulikuwa watatu, na mchezo wetu ulikuwa wa mashamba na soko. Wiki ya kwanza waliingia watu 41. Kisha wiki tatu, walibakia 9. Tulifikiri kosa ni kode. Tukatengeneza kode, tukaongeza silaha, bado watu wanatoka tu. Siku moja dada mumoja wa promosyo yetu akaniandikia: "Kaka, mimi niko nalimia bezi?" Kumbe tuliruhusu kuiba wakati wowote. Wale walianza mbele walikuwa na kila kitu. Mgeni anapanda maharagi, asubuhi anakuta shamba jeupe.

Mu 1996 Bartle aliandika kama wachezaji wako aina ine. Kuna wale wanatafuta mali na kupanda daraja. Kuna watafutaji: furaha yao ni kugundua njia za siri na namna mchezo unatembea. Kuna wale wanakuja juu ya masolo na watu. Na kuna wasumbufu, wanafurahia kuangusha wengine. Aina moja ikizidi, inaweza kufukuza zingine. Wasumbufu wakiongezeka, watu wa masolo wanakimbia. Kisha hata wasumbufu wanakosa wa kusumbua.

Mtu wa kilimo angeona hiyo mbele. Panda mahindi na maharagi pamoja: mahindi yanabeba maharagi, maharagi yanaleta azoti mu udongo. Mchezo pia ni shamba la kuchanganya. Kila aina ya mchezaji iwe na sababu ya kuhitaji ingine.

Njo tukaanza upya, kwanza kwenye karatasi:

1. Mgeni analindwa siku 7. Hakuna wa kumwibia.

2. Mbegu nzuri ziko mahali pa siri. Mtafutaji anazipata, lakini hana shamba kubwa, basi anamuuzia mlimaji. Bei wanapatana kwa kuongea, na hapo watu wa masolo wanapata kazi.

3. Wizi hatukuuondoa. Tuliuacha barabarani tu, kwa yule anachagua njia ya mkato. Ukiogopa, zunguka: utachelewa lakini utafika.

4. Pesa iwe na njia ya kutoka. Kila mavuno yanaleta pesa mpya. Kama hakuna kitu kinaipunguza, bei zinapanda na mgeni hawezi kununua. Kwa hiyo jembe linavunjika, mbegu inaoza.

5. Lugha iwe yetu. Mumoja anaandika "kamata", mwingine "chukua", mwingine "beba". Programu ikubali yote. Na maelezo ya mahali yasipite mistari ine, ekra ni ndogo.

Leo tuko na wachezaji 26. Haileti mshahara, sitawadanganya. Lakini yule dada alirudi, na wageni wanamuulizaka yeye mbele ya kutuuliza sisi. Hata baba aliniomba telefone, akasoma polepole, akauliza: "Humu banauzishaka ng'ombe wapi?"

Kama unataka kuanzisha wako, usianzie kwa kode. Ketisha watu wane wenye tabia mbalimbali, karatasi na kalamu, mucheze saa moja. Angalia nani anachoka wa kwanza, umuulize juu ya nini. Jibu lake ndiyo kazi yako ya kesho.