Bei ya parseli imepanda: je, hiyo ni akiba?



Mara nyingi kwenye mikutano yetu mama mmoja anasema: "Mimi siweki feza kwenye kisanduku cha kikundi. Akiba yangu ni parseli. Tuliinunua dola 500, leo ni 1,500." Hata mimi nilisema hivyo. Wiki hii nawaeleza namna maneno hayo yalivyoniletea taabu, na namna ninavyohesabu sasa.

Mwaka 2016, mimi na baba watoto tulinunua parseli ndogo kule ng'ambo, Alunguli, kwa dola 600. Mwaka 2021 jirani aliuza yake, yenye ukubwa sawa na yetu, kwa dola 1,500. Siku ile nilivuka Lualaba kwa mtumbwi nikihesabu kichwani: nimepata dola 900 bila kutoka jasho! Nilikuwa naweka dola 10 kila mwezi kwenye kisanduku. Nikaacha. Nikasema parseli inaniwekea.

Miaka miwili baadaye mtoto wetu wa pili alihitaji kupasuliwa haraka. Tukatafuta mnunuzi. Wa kwanza alitoa dola 700 tu, kwa sababu mkononi tulikuwa na karatasi ya mauzo peke yake. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali. Mwenye haki kamili juu ya parseli ni yule mwenye cheti cha kuandikishwa, nasi hatukuwa nacho. Wa pili alitaka kulipa kidogo kidogo, na ugonjwa haungojei. Hatukuuza. Dada yangu mkubwa na wamama wa kikundi ndio waliotukopesha. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini deni tulililipa mwaka mzima. Kama nisingeacha kisanduku, ningekuwa na dola 240 zangu siku ile.

Basi zile 900 zilikuwa nini? Hata wataalamu wa uchumi hawasemi neno moja. Mmarekani Henry Simons aliandika mwaka 1938 kwamba pato la mtu ni yale aliyotumia, pamoja na mali yake ilivyoongezeka, hata kama hajauza kitu. Kwake yeye, 900 zangu ni pato, na kwa kuwa sikuzila, ni akiba. Lakini kanuni ambazo nchi nyingi zinafuata kuhesabu pato la taifa, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 2008, zinaiweka kando faida ya bei peke yake. Haiingii kwenye pato, wala kwenye akiba.

Tuchukue mbuzi. Una mbuzi wawili, kila mmoja dola 40. Mwaka huu wamezaa watoto wawili, kila mmoja dola 15. Hizo 30 ni kitu kipya: zimetoka kwa majani, maji na kazi yako. Halafu sikukuu zinakaribia, na mbuzi mkubwa anafika dola 60. Hizo 40 za wale wawili hazikuleta nyama hata kilo moja zaidi. Sikukuu zikipita, zinaweza kurudi zilikotoka.

Nyumba unamolala ni vilevile. Ukiiuza kwa bei ya juu, utalala wapi? Utanunua nyingine, nayo imepanda.

Lakini tusidharau bei iliyopanda. Ukiulizwa "Nina mali gani?", ihesabu. Ukiuza kweli, au ukitaka kuwagawia watoto, ina maana kubwa. Ila ukiulizwa "Mwezi huu nimeweka nini?", isiingie.

Mimi sasa ninaandika mistari mitatu kwenye daftari, kila mwisho wa mwezi:

1. Feza niliyoweka mimi mwenyewe, kutoka kwa mshahara na biashara ndogo.
2. Vilivyozaliwa au kuvunwa: kuku, mbuzi, mpunga, mihogo.
3. Bei iliyopanda au kushuka, bila kuuza.

Mstari wa kwanza na wa pili ninaujumlisha. Wa tatu ninauandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu unafutika. Na neno moja ninalishika sana: siombi deni juu ya mstari wa tatu, wala siachi kuweka kwa sababu yake.

Na bei ya parseli haiwezi kugeuka feza nzuri bila karatasi nzuri. Sisi tumeanza kufuata cheti chetu, na majina yetu wote wawili yameandikwa kwenye faili. Wewe mama, leo jioni uliza nyumbani: karatasi ya parseli iko wapi, na ina jina la nani?

Kwenye mkutano ujao leteni daftari zenu. Tutahesabu pamoja.