Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Mtoto wa Filamu Aliyejifunza Ufundi

Mzazi ambaye mwanawe amejaliwa sura ya kupendeza na ulimi mwepesi hakosi kuulizwa siku hizi: mbona humpeleki kwenye televisheni? Kabla ya kujibu, na tuyatazame maisha ya Robert Parrish, Mmarekani aliyeigiza filamu angali mtoto, lakini sifa yake ya kudumu hakuipatia mbele ya kamera.

Alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia. Familia ilipohamia Hollywood, mama yake aliigiza, na watoto nao wakaigiza, akiwemo dada yake mdogo, Helen. Katika City Lights, filamu ya Charlie Chaplin iliyotoka mwaka 1931, Robert ni mmoja wa watoto wawili wauza magazeti wanaomchokoza mzururaji maskini kwa kumpulizia punje za njegere kwa mrija.

Baadaye alisimulia jinsi Chaplin alivyowafundisha. Alipuliza punje yeye mwenyewe, kisha akakimbilia upande wa pili na kujifanya ndiye aliyepigwa. Kichekesho cha nukta chache kilitangulizwa na jasho jingi.

Utoto ukapita, kama upitavyo kwa kila mtoto. Wengi waliosifiwa kwa sura zao wakiwa wadogo hufika hapo wakajikuta hawana kazi wala ujuzi. Parrish aliingia katika chumba cha uhariri, akawa mwanagenzi chini ya mwongozaji mashuhuri John Ford.

Kazi hiyo mtazamaji haioni. Filamu hupigwa vipande vipande, bila kufuata mpangilio wa hadithi. Mhariri ndiye anayechagua, kukata na kuunga, mfano wa mshoni mbele ya jora la kitambaa: mkasi ukienda kombo, vazi limeharibika. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akiwa katika jeshi la majini, Parrish alihariri The Battle of Midway, filamu ya mwaka 1942 iliyotokana na picha ambazo Ford alizipiga vitani. Mwaka 1947 ikatoka Body and Soul, hadithi ya bondia, nayo ikampatia yeye na mwenzake, Francis Lyon, tuzo ya Oscar ya uhariri.

Kisha ukaja mtihani mgumu zaidi. All the King's Men, filamu ya mwaka 1949, ilikuwa ndefu mno. Kwa masimulizi ya Parrish, mwongozaji Robert Rossen alimwagiza atafute kiini cha kila tukio, ahifadhi futi 100 za utepe kabla yake na futi 100 baada yake, na zilizosalia azikate. Filamu ikafupika, na ikatwaa Oscar ya filamu bora. Mwaka 1951 Parrish mwenyewe akawa mwongozaji, kwa filamu ya Cry Danger. Alifariki mwaka 1995.

Enyi wazazi, sura ya mtoto ni mgeni apitaye. Ufundi ni mwenyeji. Mwana akipenda kamera, tusiishie kumpigia makofi. Tumuulize pia: nani aliyeikata picha hii, nani aliyeiunga, nawe ungependa kujifunza lipi? Swali hilo laweza kumfaa miaka mingi baada ya makofi kunyamaza.