Rafiki yako mwenye mkia

Je, kwenu mna mbwa? Asubuhi za Julai hapa Katandala, baridi inapokata masikio, ni nani anakusindikiza mpaka njia panda ukienda shule? Na jioni, nani husikia hatua zako kabla mama hajakuona? Wengine watacheka: "Mbwa tu huyo!" Muulize kijana anayeshinda machungani peke yake na Simba wake. Hacheki.

Mapenzi haya si upuuzi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda mrefu, miili ya wote wawili huongeza oksitosini, kemikali ileile inayopanda mama anaponyonyesha. Ndiyo maana ukifeli mtihani unakaa naye nyuma ya nyumba, na moyo unatulia kidogo. (Tena hakuulizi umepata ngapi!)

Lakini mapenzi hayohayo yanaweza kukuponza. Kijana mmoja aliniambia aling'atwa na mbwa wa kwao akanyamaza siku nne. Si kwamba hakuumia. Aliogopa baba angemuua mbwa kwa rungu. Namwelewa kabisa, ila alikuwa anacheza na uhai wake. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate, na dalili huweza kuchukua wiki hata miezi. Kidonda kinapona, wewe unadhani yamekwisha. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Umechelewa? Nenda hivyohivyo, kama tulivyofanya na huyo kijana.

Na mbwa je? Akionekana mzima, si lazima auawe. Afungwe, mtaalamu wa mifugo amwangalie siku 10. Kama alipokuuma alikuwa na virusi kwenye mate, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Wewe usizisubiri ndipo uanze chanjo yako. Mbwa wa yule kijana alimaliza siku zake 10 akiwa mzima, na baba akaliweka rungu.

Kwenu je, amechanjwa? Muulize bwana mifugo wa kata siku ya chanjo, halafu umpeleke mwenyewe kwa kamba. Sindano hiyo mbwa haipendi hata kidogo, na pengine wewe peke yako ndiye atakayekubali umshike.