Chapeo ya Myunani Shingoni mwa Kijana wa Meru

Siku hizi mikufu na pete za fedha zenye sura ya chapeo ya Wayunani wa kale zinauzwa pembe zote za dunia. Kijana wa Mitunguu, mwenye kupata riziki yake katika ndizi na maji ya mifereji, akivaa mkufu wa namna hiyo, hakuna wa kumlaumu. Pambo ni pambo. Lakini je, anajua amebeba nini shingoni?

Shujaa wa Uyunani hakupigana kwa fedha. Chapeo yake ilifuliwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, na ncha ya mkuki wake ilikuwa ya chuma. Chapeo ya jemadari Miltiades, aliyewashinda Waajemi huko Marathon mwaka 490 K.K., ingali katika makumbusho ya Olympia. Hakuiweka kuwa pambo. Aliitoa sadaka kwa mungu wake.

Fedha nayo ilikuwa na kazi nyingine. Mwaka 483 K.K. Waathene walipata fedha tele katika machimbo ya Laurion. Palikuwa na shauri kwamba raia wagawane, kila mtu drakma 10. Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita. Mwaka 480 K.K. merikebu hizo ziliokoa mji wao huko Salamis.

Sasa turudi nyumbani. Nthaka, yaani mashujaa wa Kimeru, waliishi pamoja katika gaaru, wakilinda watu na ng'ombe wao. Mikuki yao ilitoka kwa mfua chuma. Hakuna aliyeinunua heshima hiyo sokoni. Ilianza kwa tohara, ikathibitishwa kwa vitendo. Waingereza walifungua kituo chao Meru mwaka 1908, na tangu hapo kazi ya nthaka ikafifia. Mtafiti Mmarekani, Jeffrey Fadiman, alikusanya habari za vita hivyo kutoka vinywani mwa wazee, akazitoa katika kitabu mwaka 1982.

Lamu wapo mafundi wa kufua fedha. Kijana wetu anaweza kuagiza kidani chenye umbo la mkuki wa nthaka. Lakini kabla ya kumwendea fundi, amwendee babu yake amwulize habari za gaaru, kwani wenye kuzijua wanapungua kila mwaka.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.