Chesi mtandaoni: unashinda ubaoni, saa inakupiga

Una malkia na ngome. Mpinzani amebaki na mfalme na askari wawili tu. Unatafuta namna ya kummaliza, mara simu inaandika kwamba umeshindwa: muda wako umeisha.

Hilo lilinipata usiku mmoja, na nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Kumbe hakuna aliyeniibia. Ni mimi mwenyewe niliyebonyeza «3+0» bila kujua ni kitu gani.

Namba ya kwanza ni dakika ambazo kila mchezaji anapewa kwa mchezo mzima, si kwa hatua moja. Ya pili ni sekunde anazoongezewa kila anapocheza. Piga hesabu: mchezo wa hatua 60 kwa 3+0 unakuachia sekunde 3 kwa kila hatua. Kwa 10+5 unapata 15. Wengi wetu tunaangalia namba ya kwanza na kuiacha ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayomwokoa mtu mwishoni, wakati ushindi uko mkononi na saa imebaki na pumzi kidogo.

Wazo la kuongeza sekunde si la intaneti. Saa za chesi zilikuwepo tangu mashindano ya London ya 1883, lakini zilikuwa zinapunguza tu. Mmarekani Bobby Fischer ndiye aliyeomba hataza ya saa inayoongeza muda, mwaka 1988, na 1992 aliitumia aliporudiana na Boris Spassky huko Yugoslavia.

Lichess, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis, hupanga michezo kwa hesabu rahisi: dakika za mwanzo, ukijumlisha sekunde za nyongeza mara 40. Kwa hiyo 3+2 ni dakika 4 na sekunde 20. Chini ya dakika 3 huitwa buleti, yaani risasi, na jina halidanganyi. Kuanzia 3 hadi chini ya 8 ni blitzi. Kuanzia 8 hadi chini ya 25 ni rapidi, na hapo ndipo anayejifunza anapata nafasi ya kufikiri.

Kwetu Kongo kuna mpinzani mwingine: mtandao. Chesi haili mega nyingi, lakini ukikatika, saa yako inaendelea kukimbia. Lichess hufidia ucheleweshaji mdogo tu. Ukipotea kabisa kwa muda, mpinzani anaweza kudai ushindi. Sekunde 20 bila mtandao katika mchezo wa dakika 1 ni theluthi ya maisha yako. Katika 10+5 unarudi na kuendelea. Mwenye mtandao wa kubahatisha hata achague ule mchezo wa siku kadhaa kwa kila hatua: anacheza asubuhi, anaenda kazini, anajibu jioni.

Kuna huruma moja katika sheria. Muda ukikuishia na mpinzani amebaki na mfalme peke yake, mchezo ni sare, kwa sababu mfalme mtupu hawezi kushinda. Wale askari wawili wa usiku ule ndio walioniangusha: askari anaweza kugeuka malkia, hata kama mimi nisingemruhusu.

Sasa nacheza 10+5. Jana nilipigwa tena, mfalme wangu alinaswa katikati ya ubao, na saa yangu ilikuwa bado na dakika nne.