TV ya chogo haionyeshi rangi? Usikimbilie kwa fundi, soma hii kwanza

Umechomeka king'amuzi nyuma ya TV yako ya chogo kwa zile nyaya tatu: njano, nyekundu na nyeupe. Sauti safi kabisa, ila picha ni nyeusi na nyeupe, au inapanda na kushuka yenyewe. Kabla hujaibeba TV na kwenda kuliwa hela, jua kwamba inawezekana haijaharibika.

Tatizo ni nini?

Enzi za analojia, dunia haikukubaliana kuhusu namna ya kutuma picha. Tanzania na Kenya zilitumia PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani zilitumia NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. DR Congo na Burundi zilifuata SECAM ya Wafaransa, yenye mistari 625 lakini rangi zake zinapangwa kivingine.

Ndiyo maana TV iliyonunuliwa Lunga Lunga ilifanya kazi Horohoro bila shida. Mpaka upo, kiwango ni kilekile.

Kilichotofautiana ni muda wa kuzima mitambo. Tanzania ilianza na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Tanga ikafuata mwanzoni mwa 2013. Kenya ilizima 2015. Kwa miaka kama miwili, matangazo ya upande huu yalihitaji king'amuzi wakati ya jirani yalikuwa bado hewani kwa analojia.

Nani alikuwa anatafsiri?

Kipindi cha Marekani kikifika kituoni kikiwa NTSC, hakiwezi kurushwa hivyohivyo kwa watazamaji wa PAL. Mashine maalumu inahifadhi kila picha kwenye kumbukumbu yake, inapanga upya mistari, kisha inapunguza picha 30 ziwe 25. Ikifanya kazi vibaya, utaona mpira unaruka-ruka badala ya kuteleza.

Dijitali imeondoa ugomvi wa rangi, lakini tofauti ya 25 na 30 bado ipo. Na kanda za zamani haziwezi kuhamishiwa kwenye kompyuta bila vifaa vinavyosoma viwango hivyo.

Adui ni joto na chumvi

Mashine hizi zinapokuwa kwenye vituo vya kurushia matangazo, hasa ukanda wa pwani, zinateseka. Hewa ya bahari inaleta kutu kwenye viunganishi. Vumbi linaziba feni. Joto linakausha kapasita, na mafundi wana kanuni yao: joto likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu.

Kwa hiyo matunzo yenyewe si ya ajabu: kusafisha vichujio vya vumbi, kubadilisha feni kabla haijafa, kubadilisha kapasita zilizovimba, na kuilinda mashine dhidi ya umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kazi ngumu ni kupata vipuri, na kumpata fundi anayeijua mashine ambayo haitengenezwi tena.

Sasa wewe ufanye nini?

King'amuzi chako nacho ni mtafsiri mdogo. Kinapokea dijitali na kuigeuza iwe lugha inayoeleweka na chogo. Kikiwekwa NTSC kwa bahati mbaya, TV inayojua PAL peke yake inapoteza rangi.

1. Fungua mipangilio ya picha kwenye king'amuzi (siyo kwenye TV), chagua PAL.
2. Kama picha inacheza kiasi kwamba husomi kitu, peleka king'amuzi kwa jirani mwenye TV mpya, badilisha huko, rudi nacho.
3. Bado? Kagua ule waya wa njano. Ndio unaobeba picha.
4. Usiweke king'amuzi juu ya chogo, wala usikifunike kitambaa. Joto linaloua mashine za kituoni linaua na hiki.

Ukimaliza yote hayo na rangi haijarudi, hapo sasa mwite fundi.